Telegramu ya Msiba Hupelekwa kwa Jirani

Mjomba wangu hapandi treni peke yake. Anakaa Temple Hills kwa binti yake, mimi nakaa Hyattsville, vitongoji viwili vya Washington, na treni ya mstari wa kijani inatoka kwao mpaka kwetu bila kubadilisha, lakini hataki. Sharti afuatwe kwa gari, afunguliwe mlango, akae kiti cha mbele na koti lake limekunjwa mapajani. Si ugonjwa, maana kwa umri wake miguu bado anayo. Ni makuzi. Anasema mtu aliyefanya kazi serikalini hajipeleki, hupelekwa. Mimi humtania kwamba hiyo serikali aliyoifanyia kazi ilishafunga virago ikaenda kwao zamani, naye hucheka mpaka akakohoa, kisha anaendelea kungoja gari.

Ni kaka yake mama, mkubwa wake. Wote wawili ni watoto wa Unguja mjini, tumbo moja na ziwa moja. Mjomba alipomaliza shule aliajiriwa katika ofisi ya telegramu, miaka ya mwisho ya Mwingereza, akawa karani wa kupokea na kupeleka habari za ng'ambo. Alibaki na kazi ile bendera ilipobadilika, na ilipobadilika tena, na mashine zilipobadilika, mpaka siku telegramu zenyewe zilipokosa mtu wa kuzitaka. Mkewe alipofariki, binti yake akamleta huku Marekani. Mama alibaki Unguja na mdogo wangu wa kiume.

Mimi nilikuja kusoma, nikabaki, nikazaa. Nafanya kazi katika ghala la vifurushi, nasimama penye mkanda nikielekeza masanduku ya watu yaende wanakotakiwa. Vifurushi vinasafiri kila siku mbele ya macho yangu, mimi sisafiri. Karatasi zangu za kukaa nchi hii zimo ofisini kwa wakubwa, zinangojewa, na wakili amenionya kwamba nikitoka kabla hazijajibiwa sitarudi, na binti yangu bado yuko shule. Basi kwa miaka mingi mama yangu alikuwa sauti tu, na sura ndogo ndani ya kioo cha simu, paji la uso mara nyingi kuliko uso mzima, kwa kuwa hakujua kuishika. Nilikuwa na hofu moja nikilala nayo na kuamka nayo: kwamba mama atakufa mimi niko huku, na nitaambiwa na simu.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja mwalimu alimtaka binti yangu aandike juu ya kitu cha kale alichokiona kwa macho yake. Tukampitia mjomba Temple Hills, tukaenda mjini Washington kwenye jumba moja la makumbusho lenye mambo ya barua na mawasiliano. Mjomba alipita kati ya mastempu na magari ya farasi ya kubebea barua huku mikono ameifunga nyuma, kama mkaguzi aliyekuja kuona kama kazi inakwenda. Hakuna kilichomshangaza. Nikaanza kujuta, kwani kuegesha gari mjini ni adhabu, na mie nilidhani nimempa zawadi.

Kisha tukafika kwenye kabati la kioo, dogo, pembeni, watu wanalipita bila kulitazama. Ndani yake mlikuwa na kipande cha waya wa chini ya bahari. Urefu wake hauzidi mkono wa mtu, unene wake kama mpini wa mwiko wa kusongea. Ncha moja ilikuwa imechongwa ngazi ngazi ili mtazamaji aone tumboni: nje nyaya za chuma zilizosokotwa, chini yake nyuzi za katani, chini yake utomvu wa mti uliogandishwa ukawa mweusi, na katikati kabisa, uzi wa shaba.

Mjomba alisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Ndiye huyu," akasema.

"Ndiye nani, mjomba?"

"Ndiye yeye. Sijapata kumwona."

Nikashangaa. Mtu aliyekula mshahara wa waya ule ujana wake wote, hajapata kuuona? Akanieleza bila kuyatoa macho pale kwenye kioo. Yeye alikuwa na ncha ya ofisini, imeingia kwenye mashine. Waya wenyewe ulipita chini ya sakafu, ukaenda chini ya mchanga, ukaingia baharini, na ncha ya pili iko Adeni, kwa karani mwingine ambaye walijuana kwa kugonga tu, maisha yao yote hawakuonana sura. Yaliyo katikati hakuna aliyeyajua ila samaki.

"Nilikuwa nikiwaza atakuwa mnene," akasema. "Yale yote yaliyopita. Nikajua atakuwa mnene kama nguzo. Tazama alivyo."

Nilitazama. Ile shaba ilikuwa nyembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, na mjomba alisimama mbele yake kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la mtume. Mimi si mwepesi wa kushangazwa na vitu vya makumbusho, lakini nilihisi nywele za mkono zinasimama.

Watu wakaanza kutupisha kwa heshima ya mzee, naye akatusimulia. Waya ule haukulazwa kwa ajili yetu. Serikali ya Mwingereza iliwekeana mkataba na kampuni: ninyi lazeni waya kutoka Adeni mpaka Unguja na uendelee kusini, sisi tutatoa ruzuku kila mwaka, na kwa ajili ya ruzuku hiyo habari zetu zitangulie. Ndivyo walivyofanya na meli za barua pia, wakazilipa zije kwa tarehe zao, ziwe na abiria au zisiwe nao. Balozi wa Mwingereza akiwa na neno la kuuliza London, laini yote hunyamaza ikamngoja amalize. Baada ya serikali walikuja wafanyabiashara, na bei ya karafuu. Baada ya karafuu ndipo walipokuja watu.

"Na watu walikuwa wanatuma habari gani?" nikamuuliza.

"Vifo," akasema mjomba. "Salamu mtu anaandika barua, inakwenda na meli, ikichelewa haidhuru. Telegramu ghali. Nani atatoa fedha ile kwa salamu? Telegramu ya mtu wa kawaida ni kifo. Kutoka Bombay, kutoka Maskati, kutoka kwa mabaharia wetu waliokaa Uingereza. Serikali inauliza juu ya kodi, tajiri anauliza karafuu, na huku nyuma vifo vimepanga foleni."

Ndipo akatwambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia hata kwa mama. Wakoloni katika mipango yao hawakufikiria mtu wa uswahilini ataandikiwa vipi. Nyumba hazikuwa na anwani, na sanduku la posta walikuwa nalo wenye maduka na wakubwa. Basi mtaa mzima ulitumia sanduku la mwenye duka mmoja, na telegramu ikaja kwa jina lake: mwambie fulani. Haja ile ikageuka ada. Watu wakaona ni vyema hivyo. Hata aliyekuja kupata sanduku lake mwenyewe, telegramu ya msiba hakuandikiwa yeye. Iliandikiwa jirani, au mwenye duka, au imamu wa msikiti wake. Aliyeipokea alioga, akavaa nguo safi, akaenda kwa miguu yake, akapiga hodi, akaketi, akaisema kwa mdomo. Karatasi haikuonyeshwa.

"Ikawa sisi makarani hatungoji maneno," mjomba akasema. "Anwani inatangulia. Tukiona habari ya mtu imepelekwa kwa jirani yake, tumeshajua."

"Mkawa mnajua kabla ya wenyewe."

"Kabla ya wenyewe. Na tulikula kiapo. Unachokisoma ofisini kinabaki ofisini. Natoka kazini na baiskeli yangu, napita barazani kwa mtu, mwanawe kafa Bombay, telegramu iko kwa tarishi haijafika, ananiita nikanywe kahawa."

"Unafanyaje?"

"Nakunywa."

"Babu, that's so sad," akasema binti yangu. Kiswahili anakisikia chote, lakini kinywani kwake hutoka Kiingereza. Mjomba akamtazama kwa upole, kama vile hajawahi kufikiri kwamba ni huzuni, alidhani ni kazi.

Binti yangu akataka kumfariji, akamwambia jambo alilofundishwa shuleni. "It's still cables, though. Under the ocean. Like, your phone? The calls go through the water."

Mjomba akanigeukia mimi. Yeye siku zote aliamini simu za siku hizi hupita angani, kwenye mitambo inayozunguka juu huko. Nikamthibitishia kwamba mtoto anasema kweli, nyingi zinapita baharini, kwenye nyuzi za kioo badala ya shaba. Kisha akatoa simu mfukoni, pale pale mbele ya kabati, akampigia mama. Kwao usiku ulikuwa umeshaingia.

"Uko wapi?" akamuuliza.

"Niko kitandani, natafuta miwani," sauti ya mama ikatoka, karibu kabisa, na mkwaruzo wake wa siku zote. "Una nini, kaka?"

"Unajua unapita wapi?"

"Napita wapi mie? Nimekwambia niko kitandani."

"Unapita majini," mjomba akasema, na mkono wake wa pili aliuweka juu ya kioo cha kabati. "Nakusikia unapita majini."

Nilipoinama kumsalimu, mama akaniuliza mimi, kwa sauti ya juu ili kaka yake asikie, kama huku Marekani wamempa mzee kileo. Tulicheka wote. Lakini mimi machozi yalikuwa yananilenga. Nilikuwa nimezungumza na mama kila wiki kwa miaka na miaka, nikilalamika laini mbovu, nikimwambia asogeze simu, na sikuwahi hata mara moja kustaajabu. Sauti ya mtu mzima, na kikohozi chake, na harufu ya chumba chake ambayo niliijaza mwenyewe, vyote vinatambaa gizani kwenye sakafu ya bahari, juu ya mifupa ya samaki, vinapanda mchangani, vinafika. Nilisimama pale nikaona kwamba nimekuwa nikipewa muujiza nao nikaulalamikia.

Majira ya baridi yalikwisha. Ikaja Jumamosi moja nimo kazini. Ghalani kwetu simu haziingii, tunazifungia kwenye makabati mlangoni, na hujui lililotokea duniani mpaka umalize zamu. Asubuhi ile, kwao mchana, mdogo wangu alinitafuta hakunipata. Mama alikuwa amezidiwa, kifua kimembana, wamempakia garini wanampeleka hospitali. Mdogo wangu aliponikosa akamwandikia mjomba ujumbe mfupi: Mama amezidiwa, tumempeleka hospitali, dada simpati, mwambie. Kisha simu yake ikaisha chaji.

Mimi sikujua haya. Niliyoyajua ni kwamba nilirudi nyumbani alasiri, nimechoka, simu hata sijaitazama, mkononi nina mfuko wa viazi, na kwenye sebule yangu mjomba amekaa. Kanzu, kofia, koti jeusi juu. Gari la binti yake halikuwako nje.

Binti yangu alinivuta jikoni. "Mom, Babu came on the train. By himself. He's been sitting there since lunch and he won't eat, he won't tell me anything."

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilijua kwa koti na nilijua kwa treni. Viazi vilimwagika, nikaviacha. Mjomba akanyanyuka, akanishika bega, akaniambia, "Kaa kwanza, mwanangu." Nikakaa chini sakafuni. Akaniambia, "Mama yako ametutangulia."

Sitaki kuieleza saa iliyofuata. Nililia kama mtoto. Jirani yetu wa chini, mama wa Kikenya anayefanya kazi ya kutunza wazee, alisikia, akapanda na buli la chai akiwa bado na sare. "Pole sana, sister. Nimesha-cancel shift, siendi mahali. Nime-call wale wa Columbia, wanakam na chakula." Na wakaja kweli. Kina mama wa Kizanzibari wa mji jirani wa Columbia huwa hawapatikani kwa harusi kwa sababu ya foleni ya barabarani, lakini kwa msiba foleni huwafungukia. Majamvi yakatandikwa, makochi yakasukumwa ukutani, mtu akashika Yasini, jikoni masufuria yakaanza kugongana. Nilijitanda kanga ya mama, ile aliyonipa nikiondoka. Nikaomba simu nimtafute mdogo wangu nijue mama amezikwa au bado, nikaambiwa tulia, ameshapigiwa mara nyingi, simu yake imezimwa. Mjomba alikaa kwenye kiti kando ya mlango, akipokea wageni, mgongo umenyooka.

Simu yangu ikalia. Aliichukua binti yangu, akatazama, akanipa bila neno. Ilikuwa ya picha. Kwenye kioo niliona kwanza dari, kisha feni, kisha paji la uso ninalolijua kuliko langu.

"Wewe," akasema mama. "Tangu mchana unatafutwa. Mbona umejitanda? Nani kafa?"

Msomaji wa Yasini akanyamaza. Watu wote sebuleni, na wale wa jikoni wenye miiko mikononi, walinyamaza. Nilimtazama mama yangu akipumua. Mrija mdogo ulikuwa puani kwake, na juu ya mrija macho yake yanang'aa kwa udaku, anataka kujua msiba ni wa nani ili na yeye atoe pole. Nilimwona anavuta pumzi, anaishusha, anavuta nyingine. Katika maisha yangu yote sijaona kitu kikubwa kuliko kile.

Mjomba alikuja akaishika simu kwa mikono miwili.

"Kaka," mama akasema, akimtazama, akiitazama kanzu, akiwatazama watu nyuma yake. Mama hakuwa mjinga. "Kaka, umeniua?"

"Niliandikiwa mimi," mjomba akasema. "Habari yako, nikaandikiwa mimi. Hakuandikiwa mwanao."

Mama alimkazia macho. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anakumbuka, maana alikua nyumba moja na karani, na ada ile aliijua. Akaanza kucheka, kicheko cha mgonjwa, cha kukatika katika, muuguzi akasikika anamwambia asijichoshe. "Basi nionyesheni waliokuja," akasema. Ikabidi nizungushe simu sebule nzima, mmoja mmoja, na kila mmoja akampungia mkono maiti. Aliwashukuru. Akauliza kumepikwa nini. Alipoambiwa pilau, akauliza nani kapika, na alipotajiwa mpishi akasema kwa mtu huyo hata yeye angekuja.

Jirani yangu Mkenya alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni anafuta macho kwa sare yake. "Hii watu wa coast, aki," akasema. "Mtaniua na mimi." Watu wakala. Hakuna aliyeondoka kabla ya magharibi.

Mjomba alitaka kuniomba radhi, nikamkataza. Nilikuwa nimemkasirikia, sikatai, kwa nusu saa hivi nilitaka kumtwanga na buli lile. Lakini hasira haikai na furaha ya namna ile. Na mama mwenyewe alimtetea. Kabla hajakata simu alimwita mdogo wangu asogee, akasema tukisikia sote: "Kaka hakukosea ila siku. Siku yangu ikifika kweli, fanyeni hivyo hivyo. Huyu asipigiwe. Apigiwe kaka, aende mwenyewe akamwambie. Sitaki mwanangu aambiwe na kioo."

"Mama, usiseme hayo," nikamwambia.

"Nakwambia sasa nikiwa na pumzi ya kusemea," akajibu, na akataka alale.

Alitoka hospitali. Kiangazi kizima tulizungumza karibu kila siku, na mie sikulalamikia laini tena. Ikikatika nilingoja, nikiuwazia uzi ule ulivyo mwembamba na bahari ilivyo kubwa. Wakati mwingine alikuwa hasemi, ananiachia tu simu kifuani, nasikia feni, namsikia akipumua usingizini, na mimi naendelea kukatakata vitunguu jikoni Hyattsville. Karatasi zangu hazikujibiwa. Nilimpigia wakili mpaka akawa hapokei.

Majani yalipoanza kuanguka, siku moja ya katikati ya wiki, nilikuwa nyumbani, si zamu yangu. Binti yangu alikuwa shule. Dirisha la jikoni kwetu linatazama kituo cha basi litokalo stesheni ya treni. Basi lilisimama, likashusha mtu mmoja, likaondoka. Mtu yule alivaa koti jeusi na kofia. Alisimama pale kituoni, akalinyoosha koti lake kwa viganja, mbele kisha nyuma, akaanza kupanda njia ya kuja kwangu, polepole, akishika ukingo wa ukuta.

Nilikuwa na wakati wote aliokuwa akitembea. Sikupewa na mtu mwingine yeyote wakati kama ule. Nilizima jiko. Niliosha mikono. Nilitoa jagi la maji na bilauri, nikaweka kiti. Nilimtazama mama yangu akinijia kwa miguu ya kaka yake, hatua kwa hatua, na nikaelewa kwa nini wazee wetu waliuchukua mpango wa watu waliotupuuza, wakautengenezea adabu.

Nilifungua kabla hajagonga. Akakaa. Mimi nikakaa sakafuni bila kuambiwa.

"Mjomba," nikamwambia, "safari hii una hakika?"

"Nina hakika. Nimezungumza na mdogo wako, akanionyesha uso wa mama yako." Akaisawazisha kofia. "Mama yako ametutangulia, mwanangu. Alfajiri, kwao. Alikuwa amelala."

Nililia, na yeye akaniwekea mkono kichwani mpaka nilipoweza kuinua uso. Alikuwa amekaa wima vile vile. Koti hakulivua. Macho yake yalikuwa makavu, na vidole vilikuwa vinagonga goti, taratibu, sijui kama alikuwa anajua kwamba vinagonga. Nikamwazia kwenye treni, kutoka kituo cha kwao mpaka cha kwetu, watu wanapanda na kushuka, wanamsalimu labda kwa ajili ya kofia yake, naye anaitikia. Dada yake wa ziwa moja.

"Na wewe, mjomba," nikamuuliza, "nani alikuja kukwambia?"

Alinitazama kama nimeuliza swali lisilomhusu.

"Mie?" akasema. "Mie karani."

Nikanyanyuka. Nilinawa uso, nikachukua kanga ya mama nikajitanda vizuri. Nilitoka nje ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nikaufunga nyuma yangu, nikasimama kwenye ushoroba kidogo mpaka pumzi ikatulia. Kisha nikagonga.

"Hodi."

"Karibu," akasema mjomba kutoka ndani, sauti ndogo.

Nikaingia, nikavuta kiti nikakiweka mbele yake, nikamshika mikono yote miwili mpaka vidole vikaacha kugonga.

"Mjomba," nikamwambia, "dada yako ametutangulia."

Akavua koti, akalia.